Kitabu cha marehemu kinaweza kutoa ushahidi gani? Jibu kwa mwandishi wa Jinja

Swali: Shikamoo Mzee. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili wa sekondari hapa Jinja na ninaandika riwaya yangu ya kwanza. Mwanamke wa Kiislamu anafiwa na mumewe, na ndani ya sanduku la marehemu anakuta kitabu cha zamani chenye jina la mwanamke mwingine, msichana wa Kihindi aliyefukuzwa nchini pamoja na jamaa zake mwaka 1972. Nimeandika kwamba kitabu kilichapishwa Kampala mwaka 1890, ni adimu, kina thamani ya mamilioni, na mfanyabiashara mmoja wa Kampala anakiwinda. Chini ya jalada kuna barua ya mapenzi, na katika sura ya tano mtaalamu anakishika kitabu kwa glavu nyeupe. Mjane anasafiri hadi Uingereza kutafuta ukweli. Je, mtu anayejua vitabu vya zamani akisoma atanicheka? Na kitabu chenyewe kinaweza kutoa ushahidi gani?

Jibu:

Marahaba, Mwalimu. Mapenzi na msiba hakuna wa kuvicheka. Watakapochekea ni kwenye huo mwaka 1890, basi tuanze hapo tuumalize upesi.

Mwaka 1890 Kampala ilikuwa bado haijawa mahali pa kuchapia kitabu. Lugard, afisa wa Kiingereza, alifika Desemba ya mwaka huo akapiga kambi kilimani, na mji ukakua kuizunguka kambi ile. Uchapaji ulikuwa umetangulia, hilo ni kweli. Alexander Mackay wa CMS, misheni ya Kianglikana, alifika Buganda 1878, akawa anachapa karatasi za kusomea pale Natete, herufi nyingine akizichonga mwenyewe. Lakini aliondoka 1887 kwenda Usambiro, kusini mwa ziwa, na huko ndiko alikofia Februari 1890. Katikati hapo Buganda ilikuwa kwenye vita vya dini. Mtu akiniletea mezani kitabu kilichoandikwa "Kampala 1890" kwenye ukurasa wa jina, wazo langu la kwanza litakimbilia Nasser Road, kwa wachapaji wetu wanaoweza kukutolea chochote kabla ya magharibi. Unaweza hata kulitumia hilo: mfanyabiashara wako awe ndiye aliyekichapisha. Lakini utakuwa umeandika riwaya nyingine, ya ughushi, na mjane wako atapotea ndani yake.

La pili ni bei. Watu huniletea Biblia ya bibi yao imefungwa kwenye khanga, wakitumaini italipa karo ya watoto. Uzee peke yake haukiletei kitabu bei. Bei inaletwa na watu wawili wenye fedha wanaokitaka kitabu kimoja wakati mmoja. Kitabu cha Speke, yule mvumbuzi Mwingereza, kuhusu chanzo cha Nile ni cha 1863, na mpaka leo kinapatikana kwa wauza vitabu vya zamani wa London, kwa sababu walionunua wakati ule walikuwa watu wenye kabati za vioo na nyumba zisizoingia mchwa. Sasa nitafutie kijitabu cha Kiswahili cha miaka ya 1950 kilichouzwa kwa senti kwenye duka la Jinja. Watoto walikichana, mchwa wakala, na yaliyobaki yakaishia kufungia karanga. Hukipati. Na ukikipata, hakuna wa kukununulia. Huyo ndiye kitabu adimu tulio naye Uganda, na sielewi kwa nini waandishi wetu hawamtaki.

Kama ni lazima umpe msomaji kitu cha kale cha kumkodolea macho, ipo Biblia ya Kiganda, tafsiri aliyoikamilisha mmisionari George Pilkington mwaka 1896, mwaka mmoja kabla hajauawa Busoga katika maasi ya askari wa Kisudani. Toleo lake moja lilichapwa lenye upana mdogo na nene kama tofali dogo, kusudi liingie kwenye bati la biskuti la Huntley & Palmers na mchwa wasilifikie. Msomaji hatalisahau bati hilo. Ila Biblia ya Kiganda kati ya kijana wa Kiislamu na msichana wa Kihindi itakudai kurasa kumi za maelezo, na kurasa hizo zitalala usingizi.

Chukua kijitabu cha senti. East African Literature Bureau ilianzishwa 1948 ikawa inatoa vitabu vya Kiswahili, Kiganda na lugha nyinginezo chini ya jina la The Eagle Press. Na ile Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ambayo wengi wanadhani haikuwahi kutia mguu kwetu, ilikuwa na makao yake Makerere kuanzia 1952 hadi ilipohamishiwa Mombasa 1962. Kitabu cha Kiswahili cha miaka hiyo chenye jina la Kampala ndani yake hakitamshangaza mtu yeyote anayejua. Usikipe jina la kitabu kilichopo. Buni chako: hadithi fupifupi, kurasa sitini hivi, jalada la karatasi, karatasi zimekunjwa pamoja na kubanwa katikati kwa pini mbili za waya. Kumbuka pini hizo, nitazirudia.

Kilifikaje kwa msichana? Baba yake alikuwa na duka, kijana alikuwa karani pale. Kiswahili cha dukani msichana alikuwa nacho, cha kutaja bei na kukataa mkopo. Cha kusomea hadithi hakuwa nacho. Kijana akampa kitabu, naye akawa anakisoma akiandika maana za maneno pembeni kwa Kigujarati, kwa penseli. Sisitiza penseli. Wino wa kalamu hupauka kwa mwanga na hukimbia ukilowana. Penseli ni kaboni, itakaa miaka hamsini kwenye sanduku la bati na itasomeka. Mjane wako hasomi Kigujarati, na hapo una sura nzima ya kazi: nani atamsomea, na mtu huyo ataambiwa nini kwanza? Halafu, kwenye ukurasa wa arobaini na moja, maneno ya pembeni yanakoma. Kurasa ishirini zilizobaki ni safi kabisa. Amin alitangaza Agosti 1972 na akatoa siku tisini. Msichana alifika ukurasa wa arobaini na moja. Usimweleze msomaji zaidi ya hapo. Mwache mjane apindue kurasa zile safi hadi mwisho, kisha arudi nyuma kuhakikisha.

Sasa tuje kwenye ushahidi, maana swali lako zuri ni hilo la mwisho.

Pini za waya huota kutu. Ukanda wetu wa ziwa una unyevu, na kitabu cha miaka ya 1950 kilichobanwa kwa pini, nikikifungua leo, karibu kila mara nakuta kutu imekula karatasi pale katikati ya mkunjo. Mtu anayekipenda kitabu ataziondoa pini kabla hazijakikata vipande viwili, na atakishona upya kwa uzi. Huyo mtu ni marehemu. Karani aliyezoea kushona mafaili ya ofisi hashindwi na kazi hii: sindano, uzi uliopakwa nta, matundu matatu, fundo ndani. Kisha akapiga gundi ya unga mgongoni, akabandika ukanda wa karatasi kuuimarisha, juu yake akaweka jalada jipya la kadibodi na kitambaa.

Ukikifungua kitabu hicho katikati, unaona mambo mawili kwa pamoja. Unaona uzi kwenye matundu yake matatu, na unaona vidoa vinne vya kahawia ambapo pini zilipita zamani, kila pini miguu yake miwili. Matundu hayo hayalingani. Maana yake kitabu kimefungwa mara mbili na mikono miwili tofauti: mara ya kwanza kiwandani, mara ya pili nyumbani. Mjane atakuwa amekishika mara nyingi kabla hajagundua hilo. Nami ningempa ugunduzi huu mapema, katika sura ya tatu au ya nne, kabla hajajua aufanyie nini.

Kisha ule ukanda wa mgongoni. Hapa ndipo riwaya yako ilipo, Mwalimu, na bado hujaiandika.

Fundi wa nyumbani hanunui karatasi maalumu ya kuimarishia mgongo. Anachukua iliyo karibu, na iliyo karibu ni gazeti. Nimefungua migongo ya vitabu vingi vya watu wa hapa na ndani yake nimesoma matangazo ya baiskeli, bei za pamba, nusu ya uso wa waziri. Gazeti kubwa la enzi hizo lilikuwa Uganda Argus, na mwezi Desemba 1972 likabadilishwa jina kuwa Voice of Uganda. Siku tisini za Amin zilikuwa zimekwisha mapema Novemba. Ukiyaweka pamoja umepata saa ya ukutani: ukanda wenye kipande cha jina la Argus haukuambii kitu, kwa sababu gazeti la zamani huweza kukaa nyumbani, lakini ukanda wenye kipande cha jina Voice of Uganda haukuweza kubandikwa msichana akiwa bado Jinja. Alikuwa ameshaondoka.

Ona kinachotokea kwa barua yako. Msomaji, pamoja na mjane, amekuwa akiamini tangu mwanzo kwamba barua iliyo chini ya jalada ni ya msichana: ameificha mle, akamwachia mpenzi wake, akapanda basi la kwenda Entebbe. Jina lake si ndilo lililo ndani ya kitabu? Lakini jalada hilo lilitengenezwa baada yake. Aliyeweka barua chini ya jalada ni aliyelibandika jalada. Barua ni ya mume. Ni jibu ambalo hakulituma, na alilifungia mahali ambapo yeye mwenyewe hangeweza kulichukua bila kukichana kitabu.

Hayo yote mjane anayajua kabla hajaisoma barua. Ni herufi chache za gazeti tu, nazo ziko kinyumenyume, kwa sababu ukanda umebandikwa uso chini.

Mtu atauliza, anauonaje ukanda bila kubomoa? Mende. Gundi ya unga ni chakula, na mende na wale wadudu wadogo wa rangi ya fedha wanaokimbia ukifungua sanduku huila pamoja na kitambaa cha mgongoni. Kitambaa kikishatobolewa, gazeti linachungulia. Sanduku la bati halikuwa na kitasa imara, basi. Usiwaweke mchwa hapo, maana mchwa hawatoboi, wanamaliza, na wangekuachia udongo tupu.

Gazeti lina kazi nyingine pia, na hii naipenda zaidi, ingawa ni ngumu kidogo kuieleza bila kuonyesha. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa na imejaa asidi. Ukikata habari gazetini ukaiweka katikati ya kurasa za kitabu na kuisahau, baada ya miaka asidi inahamia kwenye kurasa zinazoigusa na kuacha kivuli cha kahawia, chenye kingo zilizonyooka, saizi ileile ya kipande. Kipande kinaweza kuondolewa, kivuli hakiondoki. Nimeshika vitabu ambavyo ndani yake hakuna kitu chochote, lakini unaona wazi kwamba hapa palikaa picha, hapa palikaa ua, hapa palikaa kitu cha mstatili ambacho mtu alikichukua.

Weka kivuli hicho kati ya ukurasa wa arobaini na wa arobaini na moja. Mjane anachukua rula ya mjukuu, anapima: upana na urefu. Anamtuma binti wa dada yake Makerere, ambako magazeti ya zamani yamehifadhiwa, akatafute katika Argus za Agosti hadi Novemba 1972 habari au tangazo lenye vipimo hivyo. Binti atalalamika, atatumia siku nzima, vumbi litamfanya apige chafya. Ataleta orodha ya vipande vitano sita vinavyokaribiana. Mmoja wapo ni lile tangazo la Septemba 1972 ambalo halmashauri ya jiji la Leicester ililipia lichapwe Kampala, likiwaambia Wahindi wa Uganda wasiende Leicester, kwamba nyumba, shule na huduma za afya za huko zimezidiwa. Tangazo hilo lipo kweli, na kichekesho cha historia ni kwamba wengi walienda kulekule, tena wengine wanasema walilisikia jina la mji kwa mara ya kwanza kupitia tangazo lile. Kijana alilikata na kulitunza. Kwa nini? Kwa sababu ndilo lililokuwa na jina la mahali alikokwenda msichana.

Na nani alikiondoa kipande? Hilo nakuachia. Mimi ningesema ni mume mwenyewe, siku ya harusi yake na huyu mjane.

Barua yenyewe chini ya jalada inawezekana kabisa, ila iandike kwa usahihi. Karatasi iliyobandikwa ndani ya jalada, ikiwa chini yake pana karatasi nyingine iliyokunjwa, haiwi laini. Mchana hutaona kitu. Usiku, umeme ukikatika, washa tochi uilaze ubavuni mwa jalada ili mwanga upite juu ya uso wa karatasi, na utaona ngazi ndogo, kivuli cha ukingo, mraba mzima. Waandishi hupenda mjane achane kwa kisu kwa hasira. Asifanye hivyo. Gundi ya unga huachia ikipewa unyevu: kitambaa kibichi kilichokamuliwa sana, karatasi safi katikati, dakika chache, kisha kisu butu cha siagi kinaingia ukingoni na kuinua polepole. Ikiwa barua imeandikwa kwa wino wa kalamu ya kuchovya au ya kujaza, unyevu ukizidi maneno yanayeyuka machoni pake. Kwa kalamu ya biki, ambayo mwaka 1972 kila karani alikuwa nayo, yatabaki. Amua mwenyewe umwadhibu kiasi gani.

Usimpe msomaji barua nzima. Mistari miwili inatosha, na isiwe mizuri sana. Karani wa miaka ishirini na nne haandiki mashairi. Uzito uko katika kwamba angeweza kuitoa mwaka wowote na kuipeleka posta, na hakuitoa.

Kuna kisa cha kweli unachostahili kukijua, maana kinakaribia chako. Mshairi na mchoraji wa London, Dante Gabriel Rossetti, alifiwa na mkewe Elizabeth Siddal mwaka 1862. Kwa uchungu akaweka ndani ya jeneza daftari la mashairi yake, nakala pekee ya mengi kati yao, akalizika naye. Miaka saba baadaye akayataka. Oktoba 1869 kaburi likafukuliwa usiku pale Highgate, yeye mwenyewe hakuhudhuria. Daftari likatolewa, likatiwa dawa ya kuua vijidudu, likakauka, na wadudu walikuwa wametoboa tundu kupita katikati ya kurasa za shairi moja refu. Mashairi yalichapwa 1870. Ninalotaka ulione ni lile tundu. Mdudu anapotoboa, hupita moja kwa moja karatasi hadi karatasi, na matundu yanalingana. Ukikuta barua ndani ya kitabu na tundu la kitabu linapita hadi kwenye barua mahali palepale, basi barua ilikuwa humo mdudu alipokula. Tundu likiruka barua, mtu ameitia baadaye. Ni kipimo cha haraka na hakigharimu kitu, na mfanyabiashara wako mjanja anaweza kunaswa nacho.

Tuje kwake. Anawinda nini, ikiwa kitabu hakina bei? Nakupa kitu chenye bei ya kweli. Mwaka 1895, kabla ya Uganda kuwa na stempu zilizochapwa, mmisionari Ernest Millar wa Mengo alitengeneza stempu kwa taipureta yake, kila moja kwa kupiga herufi, na thamani yake ikiwa kwa simbi, yaani kauri, maana simbi ndiyo iliyokuwa fedha ya watu. Mia mbili kwa rupia moja. Wakusanyaji wa stempu duniani kote wanazitafuta. Na kwa kuwa ni karatasi nyembamba iliyopigwa taipu, walaghai nao wamezighushi wapendavyo. Mfanyabiashara anaweza kuwa amesikia kwamba marehemu alitumia moja kuwa alama ya ukurasa. Ningependa awe amekosea: kilichokuwa kwenye ule ukurasa ni tangazo la Leicester, na yeye alikiona kivuli tu.

Kama utamfanya awe mghushi, msome Thomas Wise, Mwingereza aliyeheshimika kuliko wote katika biashara ya vitabu adimu. Alichapa mwenyewe vijitabu akavitia miaka ya nyuma, kimojawapo mashairi ya mapenzi ya Elizabeth Barrett Browning, akidai ni toleo la 1847. Mwaka 1934 vijana wawili, John Carter na Graham Pollard, walimwanika kwa kuchunguza karatasi: ilikuwa na mbao zilizochemshwa kwa kemikali, aina ambayo haikutumika kwenye karatasi za Uingereza kabla ya miaka ya 1870. Mambo madogo zaidi ya aina hiyo unayajua: kitabu kinachodai kuwa cha 1958 lakini kina nyuma yake namba ya ISBN, ambayo wakati huo haikuwepo, na kadhalika. Usiyarundike.

Safari ya Uingereza ifute. Najua umeipenda. Lakini mjane wako ni Mwislamu na yuko eda, miezi minne na siku kumi, na hilo ndilo jambo bora kuliko yote uliyoyaweka katika hadithi bila kulitazama. Mpelelezi asiyetoka nyumbani! Ana kitabu, dirisha, tochi, rula na wanawake wanaokuja kumkalia. Kila ushahidi niliokutajia unapatikana bila kuvuka kizingiti. Yule mama wa Kihindi wa mtaa wa pili, ambaye jamaa zake walirudi miaka ya 1990 kudai nyumba yao, anakuja kutoa pole, anaona penseli pembeni ya ukurasa, anasoma kwa sauti bila kufikiri, kisha ananyamaza. Ukitaka msichana yule wa zamani awe amerudi Jinja miaka ileile na asiwahi kubisha hodi, hapo ndipo pa kulisemea.

Na muda una makali yake. Wakati mjane yuko eda, mashemeji wanataka mirathi igawanywe. Marehemu akiacha watoto, mke ana thumuni, yaani sehemu moja kati ya nane, baada ya deni na wasia kutolewa. Sanduku na vilivyomo ni mali ya mirathi, na shemeji mmoja ameshaongea na mtu wa Kampala anayesema atanunua vitabu vyote kwa mkupuo. Mjane hawezi kusema "hiki msiuze" bila kusema kwa nini. Unaona? Huhitaji kumpandisha ndege.

Usisahau pia kwamba anaomboleza. Katika sura ulizonieleza anachunguza tu, ana akili kali, na simsikii analia. Mtu aliyefiwa haingii kwenye uchunguzi kwa mstari ulionyooka. Atakinusa kitabu kwa sababu kina harufu ya sanduku la mumewe, na siku hiyo hatagundua chochote. Siku nyingine atakasirika akitupe chini ya kitanda, na ndivyo mgongo utakavyopasuka zaidi na gazeti kuonekana. Wivu wake uwe mdogo mdogo, wa mambo ya kijinga: kwamba mume hakuwahi kumshonea yeye kitu. Kisha akumbuke daftari la mapato ya duka lao, ambalo limeshonwa kwa uzi uleule, matundu matatu, fundo ndani.

Kabla hujaandika upya, pitia maktaba ya Uganda Society pale Makumbusho, Kira Road. Chama hicho kina historia tangu 1923 na jarida lao lilianza 1934. Na Makerere omba sehemu ya vitabu vya Afrika. Waombe wakuonyeshe kijitabu chochote cha Eagle Press chenye pini, ukishike, ukifungue katikati uone vidoa vya kutu kwa macho yako. Nusu saa hiyo itakufaa kuliko barua yangu hii.

Mwisho, zile glavu nyeupe za mtaalamu katika sura yako ya tano, mvue. Sinema zimewaharibu watu. Glavu za pamba zinakunyima hisia ya vidole na zinachana kingo za karatasi kavu. Tunanawa mikono kwa sabuni, tunaikausha vizuri, tunashika. Na chai iwe meza nyingine.